Mchunga Umefika Kisondela

Kwa Mwalimu Modesta,
Kisondela,
Tukuyu, Rungwe.

Jumapili, 22 Juni 2025

Mpendwa Shangazi Lulu,

Shikamoo shangazi yangu. Nakusalimu kwa mikono miwili kutoka huku kwenye ukungu, ambako leo jua limechungulia mara moja likaona baridi likarudi ndani. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua uliyopewa imesaidia, au bado unashuka ngazi za kanisani kwa kushika ukuta? Na kifua? Najua ukiulizwa unasema "mzima tu" hata kama hukulala, kwa hiyo safari hii nijibu ukweli. Niambie pia kama machungwa yameshaanza kuiva hapo Muheza. Huku nikiona chungwa sokoni naligeuza kwanza, nalinusa, nakumbuka ua wako, ndipo naliweka chini.

Sisi hatujambo. Samson yupo na parachichi zake, amenenepa kidogo. Lightness wetu ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa anakataa kucheka mbele ya wageni. Shuleni tumefunga mitihani ya nusu muhula, na mimi nimesahihisha mpaka kalamu nyekundu imekauka.

Shangazi, nimeamua kukuandikia kwa sababu haya niliyo nayo hayafai kwa simu. Simu ile yako unasikia nusu, nusu nyingine unajaza mwenyewe, halafu nasikia mambo yangu kwa watu wa Muheza yakiwa yamebadilika kabisa. Kaa vizuri, vaa miwani, na chai iwe karibu. Nina furaha mpaka mkono unatangulia akili.

Mchunga umefika Kisondela! Mchunga wetu, mboga ile chungu uliyokuwa unanituma kuichuma nyuma ya choo cha zamani nami nikinuna. Nimeupika huku, umeliwa, umetafutwa, na umenitia kwenye mtihani ambao sijawahi kuupata tangu niolewe. Nianze mwanzo.

Unakumbuka nilikuambia mama mkwe wangu alikuwa hali vizuri. Alikuwa akila vijiko viwili tumbo linajaa kama ngoma. Kiungulia usiku, kucheua asubuhi, mchana hana nguvu ya kushika jembe, yeye ambaye kijiji kizima kinamjua kwa jembe. Samson alimbembeleza mpaka akakubali kwenda hospitali Tukuyu. Daktari aliyempokea anaitwa Emiliani, kijana wa Sumbawanga, mpole sana. Akampima damu, akampiga picha ya tumbo, akamwambia ini limeanza kujaa mafuta. Si ugonjwa wa kufa kesho, alisema, lakini aache soda, apunguze sukari na vya kukaanga, atembee, na ale mboga za majani kwa wingi.

Shangazi, mama mkwe na mboga za majani! Yeye ni mtu wa ndizi na maziwa mgando. Mboga anaonja kwa heshima tu. Na mimi kwake nilikuwa bado mgeni. Miaka yote hii alinipenda kwa adabu, kama anavyopendwa ofisa aliyehamishiwa hapa. Nikipika, alikuwa anauliza kwanza, "Hiki nacho ni cha kwenu?"

Basi siku moja nilimfuata migombani kumpelekea maji, nikamkuta kakaa kwenye gogo, anapumzika, na pembeni yake kuna rundo la magugu aliyopalilia. Nikainama. Majani marefu yenye meno meno, ukiyavunja yanatoa utomvu mweupe. Nikalamba kidole. Chungu! Nilipiga ukelele, shangazi. Mchunga, tena mororo, umenona kwa udongo mweusi wa huku, na watu wanaung'oa wanautupa!

Nikabeba rundo zima kwa kanga. Nikachambua, nikaosha, nikachemsha kidogo, nikakamua yale maji ya kwanza kama ulivyonifundisha. Nazi sikuwa nayo, na daktari alikuwa amekataza mafuta mengi, kwa hiyo nikapika na kitunguu na nyanya, na nilipoepua nikaponda parachichi nikachanganya juu. Usinicheke. Jaribu kwanza ndipo ucheke.

Mama mkwe alitazama sahani, akanitazama mimi.

"Gwe mwalimu," akasema, "hiki si chakula cha sungula?"

"Ni chakula cha kwetu, mama. Shangazi yangu aliyenilea ndicho anachokula tumbo likimsumbua."

"Sasa huyo shangazi yako anafuga sungula?"

Samson alikohoa akatoka nje kucheka. Lakini mama alionja. Akakunja uso mpaka macho yakapotea. Nikajua nimeshindwa. Kisha akameza, akanyoosha mkono akachukua tonge lingine. Uchungu ule, alisema, ulikuwa kama umemfungulia mlango mdomoni. Siku ile alikula akamaliza, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi nikamsikia akiuliza kama kuna ndizi zilizobaki.

Ikawa ndiyo mboga yake. Aliporudi kwa daktari nilimsindikiza, nikamweleza Dokta Emiliani wazi wazi ninachompikia. Akasema kama mboga, mezani, hakuna tatizo, vitu vichungu vinasaidia wengi kupata hamu ya kula na kulituliza tumbo. Akanikanya mambo mawili: nisichemshe nikampa vikombe vya kunywa, na mtu asiseme kwamba majani haya yanatibu ini, maana hilo yeye hawezi kulithibitisha na mimi siwezi. Mama alikuwa ameacha soda, alikuwa anatembea mpaka barabarani na kurudi kila asubuhi, na alikuwa anakula mboga. Yote hayo yalikuwa yanafanya kazi pamoja. Kipimo cha mara ya pili kilionyesha ini linaelekea pazuri. Nusura nimkumbatie daktari.

Sasa furaha ya mama mkwe, shangazi, haina breki. Maneno ya daktari yalibaki hospitali. Kanisani, kwenye mnada, kwenye msiba, kote alikuwa anasema mkwe wake amemponya ini kwa majani. Nikawa najikuta nasimamishwa njiani. Huyu ana kiungulia, yule mumewe anakunywa sana, mwingine anataka ya kupunguza kitambi. Nilikuwa nawaeleza namna ya kupika, na kwamba wapime kwanza. Walikuwa wanaitikia "ndiyo mwalimu" kama wanavyoitikia wanafunzi wangu, yaani bila kusikia.

Halafu akaja Mjomba Obed.

Huyu ni mdogo wake mama mkwe, anakaa Ikuti. Ndiye pekee aliyebaki kati ya ndugu zake wa tumbo moja, na mama anampenda kama mboni ya jicho. Alikuja Jumamosi asubuhi akiwa ameshikilia ubavu wa kulia. Alikuwa amekonda. Alikuwa anajikuna mikono na shingo bila kupumzika. Aliponisalimia nikaona macho yake, shangazi, yalikuwa ya njano kama ndizi iliyoiva. Akasema maumivu yamekuja yakaenda kwa muda mrefu, na sasa yamekaa. Hospitali hataki, kwa sababu kuna mtu aliyemfahamu alipasuliwa tumbo na hakurudi. Amesikia dada yake amepona kwa majani. Amekuja kunywa majani.

Mama mkwe alishaweka sufuria motoni.

"Mwalimu, chemsha mwingi," akaniambia. "Na maji yake usimwage. Atakunywa."

Nikamwambia, "Mama, huu siwezi kumpa mjomba."

"Huwesi?"

"Siwezi. Mjomba anahitaji daktari, tena leo."

"Mimi ulinipa!"

"Wewe ulikuwa umeshatoka kwa daktari, mama. Tulijua una nini. Mjomba hatujui ana nini."

Akachukua kikapu akaenda migombani mwenyewe, akarudi nacho kimejaa, akaanza kutumbukiza majani hata hajayachambua. Nikamshika mkono taratibu, akautoa. Akasema kwa sauti ya chini, ile ambayo ni mbaya kuliko kelele, "Mdogo wangu ametoka Ikuti na maumivu yake kuja kwako. Unamnyima majani yanayoota bule kwenye shamba langu?"

Shangazi, sijui nguvu ilitoka wapi. Nilichukua ndoo ya maji nikaimwaga motoni. Moto ukazima fuuu, majivu yakatujaa usoni wote wawili. Nimezima moto wa mama mkwe wangu, jikoni kwake, mbele ya ndugu yake! Samson alikuja mbio akasimama mlangoni. Nilijua ndoa yangu inaweza kuingia doa siku hiyo, na wewe huko mbali usingejua nimekosea nini.

Lakini nilikuwa nimeshaanza. Nikamshika Mjomba Obed mkono nikamtoa uani kwenye mwanga. Nikasema, "Mama, njoo umtazame. Mtazame tu. Kama ukimtazama bado unataka anywe, nitawasha moto mwenyewe."

Alikuja, nafikiri kwa hasira zaidi kuliko kwa kutaka. Akamshika mdogo wake kidevu, akamgeuza uso kwenye jua. Akamfungua kope. Akatazama viganja, akatazama kucha. Akamuuliza kitu kwa Kinyakyusa, nikaelewa anauliza kuhusu mkojo. Mjomba akajibu kwa aibu kwamba umekuwa mweusi kama chai ya rangi. Na hapo hapo, tukiwa tumesimama, akaanza kutetemeka kwa homa mpaka meno yakagongana.

Mama mkwe alimshikilia asianguke. Kisha akafungua kanga yake akamfunika mabegani, akaita, "Samson! Mwite Ackson na pikipiki. Sasa hivi."

Ackson ni bodaboda wetu wa hapa. Wakamkalisha mjomba katikati, Samson nyuma amemshika kiunoni, wakateremka na ile njia ya utelezi. Mama mkwe na mimi tuliwafuata kwa pikipiki nyingine.

Tukuyu walimwekea maji na dawa za kushusha homa, wakampima, na siku hiyo hiyo wakatuandikia rufaa ya Mbeya. Mama na Samson wakaenda naye kwenye gari la wagonjwa. Mimi nilirudi nyumbani kwa Lightness.

Siku za kungojea zile, usiniombee nizipate tena. Huko Mbeya walikuta jiwe limeziba njia ya nyongo, nyongo inarudi nyuma kwenye ini, na maambukizi yameshaingia. Ilibidi apasuliwe. Kile kile alichokiogopa! Nikafikiri, akifa, atakuwa amekufa kwa mkono wangu. Nitasemwa kwamba mwalimu kutoka Tanga alimnyima mjomba majani akampeleka kwenye kisu. Nilikuwa nafundisha hesabu darasani huku sijui nimeandika nini ubaoni. Jikoni kwa mama niliosha jiwe moja moja la yale mafiga niliyoyamwagia maji, kama kwamba itasaidia kitu.

Simu ya Samson ilikuja wakati niko na wanafunzi. Nilitoka nje. Nikasikia anasema, "Ngoja, mama anataka kuongea." Kisha pumzi nzito ya mtu asiyependa simu. Kisha mama mkwe akasema:

"Amekula uji."

Akakata.

Nilikaa chini pale pale kwenye majani yenye umande, na sketi yangu ya kazini, nikalia. Wanafunzi walichungulia dirishani wakadhani nimepata msiba. Nikajifuta machozi huku nikicheka, nikawaambia waende nje mapema wakacheze, wakapiga kelele hizo! Mwalimu mkuu alikuja kuuliza kuna nini, nami nikamwambia, "Amekula uji."

Baadaye Samson alinisimulia zaidi. Daktari aliyempasua, mama mmoja mtu mzima, aliuliza kama mgonjwa alikunywa dawa yoyote ya miti shamba kabla. Samson akasema ilikaribia, ila mke wake alizima moto. Yule daktari akasema vitu vichungu vinaweza kuichochea nyongo itoke, na njia ikiwa imezibwa na jiwe, ukiichochea unaongeza balaa. Na hata kama majani yasingemdhuru, yangemcheleweshea muda, na muda ndio hakuwa nao. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye benchi anasikiliza. Samson anasema aliinamisha kichwa, akawa anasugua viganja vyake muda mrefu.

Alivyorudi kutoka Mbeya, hakuanza na maneno. Mimi nilikuwa jikoni, nikasimama kumpokea, nikapiga goti. Akanipita. Akakaa, akapanga kuni mafigani, akawasha moto, akapuliza mpaka ukashika vizuri. Kisha akasogea pembeni akanionyesha mkono, kwamba nikae mimi mahali pake pa kupikia. Shangazi, mahali pale hakai mtu! Nikakaa. Akaniletea mboga, akaanza kuchambua yeye, mimi nikipika. Alisema tu, kama anayejisemea, kwamba jani ni zuri lakini jani halina macho.

Sasa sikia la juzi jana. Mjomba Obed ameruhusiwa, ameletwa kwanza hapa kwa dada yake kabla ya kurudi Ikuti. Macho meupe! Hajikuni! Jana Jumamosi ukoo wote ulijaa uani. Walikuja wa Ikuti, wakaja majirani, mpaka Mzee Ambilikile, yule aliyekuwa anataka majani ya kitambi, alikuja na mkungu wa ndizi begani. Tulipika ndizi, tukapika kuku, na mama mkwe akaagiza mchunga upikwe sufuria kubwa. Watu walikula! Wengine walikunja uso wakaomba maji, wengine waliomba tena.

Mjomba naye akanyoosha sahani. Unajua dada yake alisema nini mbele ya wote?

"Wewe bado. Tukamuulise daktali kwansa."

Watu walicheka mpaka kuku waliobaki hai wakakimbia. Halafu akasimama. Si mtu wa kusimama mbele za watu, lakini alisimama, akawaambia kwamba yeye ndiye aliyetangaza majani haya kila mahali kama dawa, na leo anatangaza vingine. Haya ni mboga, alisema, mboga nzuri, mle. Lakini mwenye macho ya njano, mwenye tumbo lililovimba, mwenye kutapika damu, asije kwenye shamba lake, aende hospitali, na asiye na wa kumsindikiza aje amwambie yeye atamsindikiza. Kisha akanishika mkono, akaniinua, akaniweka karibu yake. Mimi nilikuwa na unga wa muhogo mpaka kwenye viwiko.

Na bado sijamaliza! Dokta Emiliani amesikia habari hizi. Ametuomba mimi na mama twende kliniki siku wanapokutana wagonjwa wa kisukari na presha, tuwaonyeshe kupika mboga zinazoota bure huku bila mafuta mengi. Mchunga, mnavu, majani ya maboga. Yeye atazungumza kuhusu ini, sisi tutapika. Mama ameshafua kitambaa chake cha kichwa mara mbili na siku yenyewe haijapangwa.

Kwa hiyo naomba vitu viwili, shangazi. Nitumie mbegu za mchunga wa hapo kwako, ule wenye majani mapana, nataka kulinganisha. Na uniandikie vizuri namna yako ya tui la nazi, maana mimi nakumbuka mkono wako tu, vipimo sivikumbuki. Na wewe mwenyewe ukapime. Najua unakula mchunga tangu utotoni, lakini yale maumivu ya chini ya mbavu uliyoniambia Krismasi sijayasahau. Nenda. Ukishapima nipigie, hata kama utasikia nusu.

Nisalimie Baba Mdogo Nelson, mwambie redio aliyonipa bado inafanya kazi. Nisalimie Dennis na mkewe na yule mtoto mpya ambaye sijamwona. Jirani yako Bi Biubwa mpe salamu zake peke yake, na mwambie nimepata mtu mkali jikoni kuliko yeye. Samson anakusalimu sana, Lightness anakusalimu kwa mdomo uliofumbwa.

Mungu akulinde, akutulizie goti, akupe usingizi mzuri na hamu ya kula. Akuweke mpaka tuonane, na tuonane mapema.

Ni mimi mwanao uliyenilea, nikupendaye sana,

Modesta

Shangazi, nilikuwa nafunga bahasha mama mkwe akaniomba kalamu. Haya ya chini ni mkono wake, sijagusa herufi (ndaga fijo ni asante sana):

Mkwe wangu Lulu. Mtoto umelea visuli. Alisima moto wangu, mdogo wangu akaishi. Ndaga fijo. Njoo ule ndisi.